Boa zumaridi anataka mfugaji mwenye mkono wa birika

Boa zumaridi wanaokufa vizimbani ni nadra kufa kwa njaa. Wengi hufa wakiwa na kitu tumboni: panya aliyekuwa mkubwa kidogo kuliko ilivyofaa, au panya wa tatu aliyefuata kabla wa kwanza hajamalizika, tena ndani ya kizimba chenye joto la kupitiliza au kilicholowa kutwa kucha. Mfugaji wao hakuwa mzembe. Alikuwa mkarimu, na mwili wa nyoka huyu haukuumbiwa ukarimu. Ukishalielewa hilo, sehemu kubwa ya maelekezo yanayofuata utaweza kuyabashiri mwenyewe.

Kwanza tumtambue, maana chini ya jina moja kuna nyoka wawili. Wote ni wa jenasi Corallus, boa wa mitini wa Amerika ya Kati na Kusini. Corallus caninus, aliyepewa jina na mwanasayansi Linnaeus mwaka 1758, ni wa kaskazini: Guyana, Suriname, Guyana ya Kifaransa, sehemu za Venezuela na kaskazini mwa Brazili. Corallus batesii ni wa bonde la mto Amazon: Peru, Ekuador, Kolombia, Bolivia na Brazili. Kwa miaka mingi wanasayansi walimhesabu batesii kuwa ni caninus tu, hadi mwaka 2009 alipotambuliwa tena kuwa spishi kamili. Wafugaji walikuwa wamekwisha kuwatenganisha zamani, wakisema "wa kaskazini" na "wa bonde".

Wa bonde ndiye adimu zaidi vizimbani na ndiye anayewatoa watu udenda. Ukitaka kuwatofautisha, anza na pua. Wa kaskazini ana magamba makubwa machache juu ya pua; wa bonde ana magamba madogo mengi yaliyosongamana. Kisha tazama mgongo. Kwa wa bonde, mstari mweupe hupita katikati ya mgongo bila kukatika na alama nyeupe za ubavuni hutoka humo, mara nyingi zikiwa na ukingo mweusi au kijani kilichokolea, na tumbo lake ni la manjano. Wa kaskazini ana alama nyeupe zilizojitenga, na mstari wa mgongoni haupo au umekatikakatika. Tabia nazo husemwa sana: wa bonde mpole, wa kaskazini mkali. Kwa jumla ni kweli, lakini usiupe uso wako dhamana kwa maneno hayo.

Wapo wanaomchanganya na chatu wa kijani wa mitini wa Guinea Mpya na Cape York huko Australia, Morelia viridis. Hawana undugu wa karibu, ila maisha ya aina moja yamewapa umbo moja, hata namna ya kukaa: mwili umekunjwa na kupangwa juu ya tawi pande zote mbili kama kanga iliyoanikwa kambani, kichwa kimetua katikati. Tazama midomo. Boa zumaridi ana vishimo vya kuhisi joto vilivyopangika mdomo wa juu na wa chini, katikati ya gamba na gamba, vimechimbika haswa. Chatu anavyo pia, lakini vimo ndani ya magamba yenyewe na havijakithiri hivyo. Halafu chatu hutaga mayai, boa huzaa. Lipo pia suala la meno: ya mbele ya boa zumaridi ni marefu kwa namna isiyo ya kawaida kwa nyoka asiye na sumu. Hana sumu kabisa. Nimelisema mapema kwa sababu mtu akishayaona meno yale huwa haamini.

Kijani chenyewe si rangi ya kijani. Ngozi ina rangi ya manjano juu, na chini yake seli zinazorudisha mwanga wa buluu. Jicho linaona kijani. Ndiyo maana nyoka wa kijani aliyehifadhiwa kwenye spiriti kwenye majumba ya makumbusho huishia kuwa wa buluu: manjano imeyeyuka.

Kabla hujamleta ndani

Nunua aliyezaliwa kizimbani. Aliyekamatwa porini huja amekauka, ana minyoo, mara nyingi ana kupe chini ya magamba, na safari imekwisha kumvuruga tumbo. Wafugaji wazoefu huwatibu na baadhi hupona, ila hiyo si kazi ya mtu wa kwanza kushika boa zumaridi. Spishi zote mbili zimo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo nyoka akivuka mpaka lazima awe na kibali, na nchi nyingi zina sheria zake juu ya hapo. Muuzaji anayeanza kumung'unya maneno ukimwuliza karatasi, achana naye.

Watoto huzaliwa wekundu, rangi ya chungwa au kahawia, wachache kijani, na hubadilika polepole ndani ya mwaka wa kwanza na kitu. Wekundu ule huuza. Lakini umri huo ndio mbaya kuliko yote: utumbo ni mchanga, mkia ni dhaifu, na kosa la wiki moja halisameheki. Ushauri wangu ni kulipia zaidi upate wa mwaka mmoja na nusu au miwili, aliyemaliza kubadilika rangi. Mwombe muuzaji kumbukumbu mbili: tarehe za kula na tarehe za choo. Wengi wanayo ya kwanza. Mwenye ya pili ndiye anayemjua nyoka wake.

Ukimshika, pitisha vidole taratibu juu ya uti wa mgongo kutoka shingoni hadi mkiani. Usikie mstari mmoja usio na kona. Mkia uliopinda ni alama ya mtoto aliyewahi kunyofolewa tawini. Tazama tundu la haja, liwe safi na limefunga. Tazama puani kama kuna mapovu. Usiku, omba umwone akiwa macho: boa zumaridi mzima hushuka, huning'iniza kichwa chini na kuachia sehemu ya mbele ya mwili ikae kwa umbo la S. Anayekaa amejiviringa saa tatu baada ya taa kuzimwa, siku baada ya siku, ana jambo.

Kizimba

Mtu mzima hufikia mita 1.5 hadi 1.8, mara chache kuzidi mita 2, na hahitaji mnara. Kizimba cha urefu wa sentimita 90 hadi 120, kina sentimita 60, kimo sentimita 60 hadi 90 kinamtosha. Upana ni bora kuliko kimo, kwa sababu nyoka huyu huchagua tawi moja na kutulia, na unachotaka kumpa ni uchaguzi wa joto kutoka upande mmoja hadi mwingine. Katika kizimba kirefu kwenda juu, joto hukimbilia juu, naye hulifuata kwa kuwa anapenda kukaa juu. Hapo unakuwa umemlazimisha kuchagua kati ya usalama na ubaridi, na atachagua usalama hata kama anaiva.

Matawi ndiyo samani yake yote, basi yashughulikie. Yawe ya mlalo kabisa. Tawi la mteremko humfanya ajishikilie usiku na mchana. Unene wa tawi kuu uwe karibu sawa na unene wa mwili wake katikati, na mengine mawili au matatu yawe membamba zaidi ili abadilishe mkao. Tawi nene mno humnyima mshiko, jembamba mno humkata tumboni anapolala na mlo. Panga angalau moja upande wa joto, moja katikati na moja upande wa baridi, kwa kimo kinacholingana. Mti mgumu usio na utomvu unafaa, mwanzi unafaa, na bomba la plastiki lililosuguliwa kwa msasa mkali linafaa kuliko linavyopendeza. Jambo la msingi ni kwamba kila tawi liwe la kuchomoka: funga vikombe au vipande vyenye umbo la U kwenye kuta mbili, tawi likae humo kwa uzito wake. Siku ya kusafisha, au ya kumpeleka kwa daktari, unainua tawi pamoja na nyoka juu yake. Hakuna kuvutana. Hakikisha tu kwamba halizunguki anapogeuka usiku. Tawi linalozunguka humfanya akose usingizi, na huishia kukaa sakafuni.

Chanzo cha joto ninachokipenda ni paneli ya joto iliyofungwa darini upande mmoja, ikiendeshwa na themostati, kifaa kinachoiwasha na kuizima kulingana na joto. Balbu za joto hukausha hewa, na nyoka wa mitini anaweza kujizungushia na kuungua; ukizitumia lazima ziwe ndani ya wavu. Mkeka wa joto chini ya kizimba haumsaidii anayeishi juu. Acha sentimita 25 hadi 30 kati ya paneli na tawi la joto. Ncha ya kihisi cha themostati ifungwe kwenye kimo cha tawi, isiachwe sakafuni: ikiwa chini, inasoma ubaridi, inaamuru joto zaidi, na mwenye nyoka anashangaa kwa nini kipimajoto chake kinasema 27 huku mnyama anahema.

Mchana, upande wa joto uwe nyuzi 29 hadi 30 juu ya tawi, upande wa baridi 25 hadi 26. Usiku shusha kizimba chote hadi 22 hadi 24. Mshuko huo wa usiku haukwepeki. Msitu anakotoka hupoa jua likizama, na nyoka aliyewekwa kwenye 29 usiku na mchana huchemka mwilini bila kupumzika, hutumia maji, na mwishowe hutapika. Zaidi ya nyuzi 32 kwa saa kadhaa ni hatari ya moja kwa moja. Ukikosea, kosea kwenye ubaridi kidogo. Mwanga uwe wa saa 12, na taa hafifu ya miale ya UVB haina ubaya ila si sharti.

Kisha unyevu, mahali ambapo watu huharibu kwa nia njema kuliko popote. Wanasoma "msitu wa mvua" wanaanza kumwagilia. Lakini huko juu mitini mvua hunyesha, kisha upepo unakausha majani. Anachohitaji ni mzunguko: nyunyizia kwa wingi jioni taa zinapozimwa, unyevu wa hewa upande hadi asilimia 85 au 90, halafu uachwe ushuke wenyewe hadi 60 ifikapo adhuhuri. Mchana, matawi na magamba yawe makavu. Kila siku ya tatu au nne, acha kunyunyizia. Kizimba kisichokauka huzaa malengelenge ya maji chini ya magamba ya tumbo na maambukizi ya mapafu. Kilichokauka moja kwa moja huleta ngozi inayotoka vipandevipande na mkojo mgumu unaoziba njia. Matundu ya hewa yawe chini upande mmoja na juu upande wa pili, hewa ipite. Kama vioo vina ukungu saa nane mchana, ongeza matundu kabla hujapunguza maji.

Bakuli la maji liwe pana, na mojawapo ulitundike karibu na tawi. Wengi hunywa usiku wakishuka, wengine hunywa matone yaliyotuama kwenye mikunjo ya mwili wao wakati wa kunyunyizia, na hilo utaliona ukisimama kimya: kichwa hujongea polepole, kidevu kinagusa ngozi, koo linaanza kupiga. Usimkatishe. Sakafuni tandika gazeti. Si zuri machoni, lakini linakuonyesha choo, matapishi na utitiri siku ile ile.

Kulisha

Boa zumaridi ni mviziaji. Anaweza kukaa mahali pamoja usiku mwingi akingoja panya au mnyama mdogo mwingine apite chini yake. Chakula chake kikuu porini ni wanyama wanaonyonyesha, si ndege kama watu wanavyodhani kwa sababu ya meno yale. Nyoka wa kuvizia hulipia subira hiyo kwa njia ya pekee: kati ya mlo na mlo utumbo wao hunywea na kazi nyingi za mwilini hushushwa. Wakila, mwili hulazimika kuujenga upya utumbo huo. Ukimlisha kila wiki, unamlazimisha akae kwenye ujenzi usiokwisha.

Kwa hiyo ratiba: mtoto hadi miezi 12, kila baada ya siku 10 hadi 14. Wa mwaka mmoja hadi mitatu, kila wiki tatu. Mtu mzima, kila wiki nne, na dume mzima anaweza kwenda wiki sita bila kupungua chochote cha maana. Unene wa panya usizidi robo tatu ya unene wa mwili wa nyoka katikati. Ndiyo, vitabu vya nyoka kwa jumla husema unene ulio sawa. Hapa punguza. Mtu mzima wa kilo moja na nusu anatosheka na panya wa gramu 80 hadi 100, na mlo ukishashuka usione uvimbe mkubwa. Mstari wa tumbo unaojaa kidogo tu unatosha.

Panya awe amekufa, aliyegandishwa. Panya hai humng'ata nyoka asiye na hamu ya kula. Mtoe kwenye friza umweke kwenye friji usiku kucha, kisha mtie ndani ya mfuko uliofungwa, uzamishe kwenye maji ya nyuzi 40 hadi 45 kwa dakika 20 hadi 30. Bonyeza tumbo lake: kama ndani bado pana ubaridi, rudisha. Mfute maji, kichwa kikauke na kiwe na joto kuliko mwili, kwa sababu vishimo vya midomo vinatafuta joto na unataka apige kichwani.

Subiri saa moja baada ya giza. Mwanga uwe hafifu. Tumia koleo lenye urefu wa sentimita 40 au zaidi, mkono wako ukae nje ya mstari. Mlete panya kutoka mbele na chini kidogo, usimame sentimita 15 mbali, umtikise kidogo tu. Usimpige naye puani. Wengi hurudi nyuma na kukataa hadi mwezi unaofuata. Anayetaka kula hukaza shingo, ulimi unaongeza kasi, halafu pigo linakuja ghafla kuliko ulivyojiandaa. Achia koleo mara moja. Ukivuta, unavunja meno. Atamzungusha mwilini, mkia umeshika tawi, na kumeza akiwa amening'inia kichwa chini, chakula kikipanda juu. Inachukua muda. Zima kila kitu uondoke, na siku tano zinazofuata asishikwe wala kizimba kisisogezwe.

Asipopiga ndani ya dakika 20, mtupe panya. Usimgandishe tena, na usijaribu kesho. Ngoja wiki moja au mbili. Kukataa mara mbili au tatu kwa mtu mzima, hasa dume msimu wa kupandana au yeyote anayekaribia kujivua ngozi, si ugonjwa.

Sasa choo, jambo linalowatenganisha wafugaji wa nyoka huyu na wengine wote. Mtu mzima anaweza kukaa miezi miwili au mitatu bila choo na akawa mzima. Mtoto hawezi. Kanuni ya kuandika ukutani: mtoto asile mlo wa nne kama mitatu iliyopita haijatoka. Theluthi ya mwisho ya mwili, kabla ya tundu la haja, ikianza kuvimba na kuwa ngumu, simamisha chakula hata kama anaomba. Na ataomba. Boa zumaridi aliyejaa kinyesi hupiga panya kwa bidii ile ile ya mwenye njaa, kwa hiyo hamu yake ya kula haikuambii lolote.

Kinachomsaidia ni mwendo. Porini husogea mvua ikinyesha. Nyunyizia maji ya uvuguvugu jioni mbili mfululizo, kisha mwache atambae kutoka tawi moja hadi jingine mikononi mwako kwa dakika 10 hadi 15. Isipotosha, chukua ndoo ya plastiki yenye matundu ya hewa, weka kijiti cha kushika, tia maji ya nyuzi 28 hadi 29 yanayofika nusu ya unene wa mwili, mweke humo dakika 30 ukiwa karibu. Mara nyingi huishia hapo. Ukiona nyama nyekundu imetokeza kwenye tundu la haja na hairudi, huo ni utumbo: iloweshe kwa maji mazito ya sukari ili uvimbe upungue, ifunike kwa kitambaa safi chenye unyevu, umwone daktari siku hiyo hiyo.

Anapotapika

Mlo ukirudi siku ya tatu hadi ya kumi, unanuka na umelainika, usihamaki ukamlisha tena. Hilo ndilo linaloua. Anapotapika hupoteza maji na majimaji ya tumbo, na koo lake huwa limeungua. Mlo wa pili katika hali hiyo hurudi kwa hakika, na wa tatu mara nyingi huwa wa mwisho.

Siku ya kwanza safisha kizimba, badilisha maji, nyunyizia vizuri anywe. Kisha pima, usikisie: joto la kila tawi saa nne asubuhi, saa tisa alasiri na saa nane usiku. Kwa kawaida jibu limo humo. Usiku uko juu mno, au mchana uko chini ya 25 na panya ameoza kabla ya kumeng'enywa. Kama joto ni sawa, rudi kwenye ukubwa wa mlo, kisha kwenye choo, kisha kama alishikwa au kusafirishwa ndani ya siku tano. Mwache tumbo tupu kwa wiki tatu kamili. Mlo wa kwanza uwe robo ya uzito wa kawaida. Ukikaa, ngoja siku 14, urudie ukubwa huo huo, na uende hivyo mara nne au tano ndipo upandishe. Hii ni miezi miwili ya kumlisha kidogo sana, na watu huchoka mwezi wa kwanza.

Akitapika mara ya pili, acha kubahatisha, peleka kinyesi na matapishi kwa daktari anayejua nyoka. Kuna vitu viwili vya kuulizia kwa majina. Kimoja ni Cryptosporidium, kimelea kinachofanya ukuta wa tumbo uvimbe. Utaona donge katikati ya mwili hata baada ya kutapika, na tiba ya uhakika haina. Kingine ni ugonjwa unaosababishwa na virusi vya reptarena, vilivyotambuliwa mwaka 2012, ambavyo huwapata boa na chatu: kutapika mara kwa mara, kukonda, baadaye kichwa kuyumba na kushindwa kujigeuza. Damu hupimwa. Tiba haipo, na utitiri wa nyoka unashukiwa kuueneza, kwa hiyo kuua utitiri si usafi tu.

Ndiyo sababu karantini ya nyoka mgeni ni siku 90 kwa uchache, mimi ningesema miezi sita, katika chumba kingine, na koleo, bakuli na chupa ya kunyunyizia vya kwake peke yake. Mhudumie wa mwisho, kisha nawa mikono. Maambukizi ya mapafu nayo utayajua kwa kichwa kilichoinuliwa juu saa zote, mdomo umeachama kidogo, na mapovu puani. Baridi na unyevu usio na hewa vikikutana ndivyo huleta. Hayo huhitaji dawa ya daktari. Kuongeza joto nyumbani peke yake hakuyatibu.

Kumshika, kama ni lazima

Si nyoka wa kuzungushwa shingoni. Mwezi wa kwanza asiguswe kabisa. Baadaye, mara moja kwa wiki mbili inatosha, mchana, siku ambayo hana mlo tumboni. Inua tawi. Kama lazima atoke tawini, weka kulabu chini ya mikunjo, usukume juu taratibu ili alegee, mikono yako ichukue mwili kutoka chini, na mkia uwe wa mwisho: ufungue pindo kwa pindo kutoka nchani. Usiuvute kamwe, hasa wa mtoto. Misuli ya mkia hubana kuliko mifupa yake inavyohimili, na uti huteguka hapo.

Anaweza kupiga karibu nusu ya urefu wake kutoka tawini, kwa hiyo uso ukae mbali. Akikung'ata na kushika, usivute mkono. Meno yamepinda kuelekea ndani na utajichana. Shikilia mwili wake usining'inie, ngoja sekunde chache, au mwagia maji baridi pembeni ya mdomo. Akiachia, osha kwa sabuni, kagua kama jino limebaki ndani, na kama jeraha ni la kina au liko kidoleni kwenye kiungo, mwone daktari wako mwenyewe.

Kuzalisha sitakuzungumzia kwa kirefu. Dume hukomaa miaka mitatu au minne, jike minne hadi sita; usiku hushushwa hadi nyuzi 20 au 21 kwa wiki nane hadi kumi, jozi hukutanishwa, na mimba huchukua takriban miezi sita hadi saba. Jike mnene hushindwa mara nyingi kuliko jike mwembamba mwenye misuli, na anayempakia mafuta "ili ashike mimba" anajizibia njia.

Umeme ukikatika usiku mmoja, kizimba kikashuka hadi 20, nyoka mwenye tumbo tupu hatajali. Mwenye mlo wa siku tatu tumboni ndiye wa kushughulikiwa: funika kizimba kwa blanketi bila kuziba matundu, weka chupa za maji moto zilizofungwa taulo sakafuni, si karibu na tawi. Na ukisafiri wiki mbili, maelekezo ya anayebaki yaandike kwenye karatasi moja. Abadilishe maji kila siku ya pili, anyunyizie jioni nne kati ya saba, asome vipimajoto viwili na kukutumia picha, achungulie gazeti kama kuna choo. Panya wote wabaki kwenye friza, na chini kabisa andika kwa herufi kubwa kwamba nyoka akining'inia na kufuata mkono kwa kichwa, hata kama anaonekana ana njaa ya mwaka, asilishwe.